Inchi Moja Iliyonipeleka Kutoa Kijiti

Siku bwana harusi wa watu alipoulizwa kama ameweka kijiti cha uzazi wa mpango, mimi ndiye niliyekuwa nimepiga magoti mbele yake, nimeshika kiuno cha suruali yake kwa mikono miwili.

Kilikuwa hakifungi.

Vicheko vilivyotoka mle dukani siku ile sijavisikia tena mahali popote. Ila ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtasema natia chumvi.

Mimi ni fundi cherehani. Kazini wananiita Pini, kwa sababu muda wote nina pini mdomoni, hata nikisalimiwa naitikia kwa kuguna.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Cherehani nne, pasi, pazia la kujaribia nguo, kioo kilichopasuka kona, na kule mwisho kabisa, chini ya dirisha, meza ya kukatia.

Ile meza ni ya bosi wetu, mama mmoja mfupi tunayemwita Mama Mkasi. Hakuna anayeigusa. Lakini magoti yalishaanza kumsumbua, na mwaka ule alitamka mbele ya wote: "Meza namwachia mmoja wenu. Atakayeweza kusimama kutwa nzima bila kukosea kukata."

Jamani, niliitaka ile meza. Niliitaka kuliko kitu chochote. Anayekata ndiye fundi, sisi wengine tunaunganisha tu alichokata yeye.

Nilikuwa na mwaka mmoja kwenye ndoa. Mume wangu anachomelea mageti. Tulikaa tukakubaliana: mtoto tunamtaka, lakini meza kwanza. Mimba na kusimama saa kumi kwa siku huku unashindana na wenzako, hapana. Kwa hiyo ikawa lazima nitafute njia ya kujikinga.

Nilianza na vidonge. Shida ikawa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ana roho nzuri sana, ila akija kututembelea anapanga makabati bila kuombwa. Siku moja akatoka chumbani na pakiti yangu mkononi.

"Mwanangu, unaumwa nini?"

"Kichwa, mama."

"Basi nigawie viwili. Na mimi tangu asubuhi kinanigonga."

Nilivyozipigania zile dawa, nusura tukosane kwa uchoyo.

Ndipo nikaenda kliniki nikawekewa kijiti. Mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Hakionekani, na hakuna wa kukipanga kabatini. Nilirudi kazini natembea kama nimeshinda bahati nasibu.

Kosa langu ni moja tu. Nilimwambia Redio.

Redio ndiye anayekaa kwenye overloki, mashine ya kufunga kingo za nguo. Rika langu, ameolewa kabla yangu kidogo, hana mtoto. Jina lake la utani halihitaji maelezo.

"Kijiti?!" Alizima mashine kabisa. "Mwenzangu, umejimaliza! Utaumuka kama unga wa maandazi!"

"Muongo huyo," akadakia Mama Pacha, mkubwa wetu, mwenye pacha wawili wa kiume na ulimi usiopitwa na kitu. "Mimi nachoma sindano mwaka wa tatu. Nimeumuka wapi?"

"Wewe uliumuka tangu pacha. Utajuaje?"

Mama Pacha akamrushia kipande cha kitambaa. Pembeni, msichana wetu wa vifungo, tunayemwita Kimya, akatoa kidonge chake kwenye pochi, akakimeza na chai, akaendelea na vifungo. Ndivyo anavyofanya kila siku saa nne. Hajawahi kumweleza mtu chochote.

"Mimi nahesabu siku zangu kwenye kalenda," Redio akatangaza. "Hakuna kitu cha mtu kinachoingia mwilini mwangu. Ningekuwa wewe Pini, ningekichomoa leo."

Mabishano yakawaka. Nguo zikasimama. Mama Mkasi akagonga meza kwa rula.

"Nyinyi ni mafundi au wapiga ramli? Mteja akisema nguo inambana, mnafanya nini?"

"Tunampima," tukajibu kama watoto wa chekechea.

"Basi pimaneni, mniondolee kelele."

Ndivyo utafiti wetu ulivyoanza.

Kila mwisho wa mwezi, tunapimana viuno na kuandika nyuma ya daftari la wateja. Tulitumia futi ya Mama Mkasi, ile futi ya kitambaa ya kuvaa shingoni, ambayo yeye haivai. Huitundika kwenye msumari wa ukutani pembeni mwa meza, na kwenye ncha ya chini amefunga mkasi wake mkubwa wa chuma, ili asitokee mtu akaondoka nao. Ukitaka kupima, unafungua mkasi, unapima, unaufunga tena.

Redio akajipa ukatibu. Yeye anatupima sisi, Kimya anampima yeye. Mwezi wa kwanza nikatoka inchi ishirini na nane. Kimya ishirini na sita. Mama Pacha thelathini na sita. Redio thelathini.

Mwezi wa pili, hivyo hivyo. Nikaanza kumcheka Redio waziwazi.

Katikati ya mwezi wa tatu wakaja maharusi watarajiwa, watu wa heshima zao, wakataka gauni na suti kutoka kwetu. Mama Mkasi akawapima mwenyewe, akaandika. Baada ya siku chache akarudi kutoka duka la vifaa na futi mpya za plastiki, za njano, kila mtu yake. Ile ya zamani akaitupia kwenye droo, maana namba zilikuwa zimefutika nusu.

Kisha akaniita.

"Pini. Gauni la harusi na ile suti, utakata wewe."

Nilitema pini zote. Huo ndio ulikuwa mtihani wa meza, na kila mtu mle ndani alijua. Nilikata siku mbili, napumua kwa zamu. Nikamaliza salama, nguo zikashonwa, zikapigwa pasi, zikatundikwa. Nikasubiri wenyewe waje.

Mwisho wa mwezi ukafika. Tukapimana kwa futi mpya.

"Pini," Redio akasoma, halafu akapandisha sauti kama anatangaza matokeo ya uchaguzi. "Ishirini na TISA!"

"Pima tena."

Akapima tena. Ishirini na tisa.

Kimya, ishirini na saba. Mama Pacha, thelathini na saba, akakaa chini bila kutazama kiti kiko wapi.

"Na wewe?" nikamuuliza Redio. Kimya alikuwa ameshampima na kuandika.

"Thelathini yangu ile ile," akasema, akafunga daftari pap. "Mnaona sasa? Kijiti, vidonge, sindano. Wote! Niliyesalimika ni mimi wa kalenda."

Mimi ni fundi, inchi moja naijua ilivyo. Inchi moja kwa mwezi ni inchi kumi na mbili kwa mwaka. Nikapiga hesabu kwamba nitakapokabidhiwa ile meza, sitaenea kati yake na ukuta.

Jioni nikamlilia mume wangu.

"Mimi sioni tofauti yoyote," akasema.

"Huoni kwa sababu huniangalii!"

Akaniangalia. Akanizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anakagua geti kabla mteja hajaja.

"Bado sioni."

"Basi hunipendi."

Akakuna kichwa. Kisha akasema kitu ambacho nilikidharau wakati ule: "Ukitaka kukitoa, kitoe. Ukitaka kukiacha, kiache. Ila usikitoe kwa ajili ya maneno ya watu wa kazini kwako."

Nilishaamua. Kesho yake Redio akaniahidi kunifundisha kuhesabu siku. "Rahisi sana, dada. Hata mtoto anaweza." Nilijua nikikosea hesabu, meza inakwenda kwa mwingine. Nilijua kabisa. Lakini ile tisa ya kwenye ishirini na tisa ilikuwa imenikaa machoni, sioni kingine.

Nikaomba ruhusa, nikaenda kliniki.

Muuguzi alikuwa yule yule aliyeniwekea, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Akafungua kadi yangu.

"Kimekusumbua nini?"

"Kimeninenepesha."

"Panda hapa."

Nikapanda mizani. Akatazama mizani, akatazama kadi, akatazama mizani.

"Kilo ni zile zile. Tena umepungua nusu kilo."

"Basi mizani yenu mbovu," nikamwambia. Kweli nilimwambia hivyo, na kifua mbele. Futi haiwezi kukosea mbele ya fundi.

Akacheka mpaka miwani ikamdondokea kifuani. "Sikiliza, mwanangu. Wapo wanaoongezeka, wapo wasioongezeka, siwezi kukuapia. Hedhi je?"

"Inakuja inavyojisikia."

"Hilo nilikwambia litatokea."

"Ulinambia."

"Linakukera?"

Nikafikiri. "Hapana. Nimelizoea."

"Haya. Nikikitoa leo, unaweza kushika mimba muda wowote. Utatumia nini badala yake?"

"Nitahesabu siku."

"Nani amekufundisha?"

"Redio."

Akaandika kitu, akakikata, akaniangalia juu ya miwani. "Kuhesabu siku nako kuna namna yake, kunataka kufundishwa vizuri na mzunguko usioyumba. Lakini mwili ni wako. Ukisema nitoe, natoa. Kaa kwenye benchi, vifaa vikiwa tayari nakuita."

Nikakaa benchi. Mbele yangu walikuwa wawili. Kisha mmoja. Kisha nikawa mimi, na muuguzi ameshasogeza pazia na kuniita, ndipo simu ikalia.

"Pini!" Mama Mkasi huyo. "Gauni halifungi! Harusi kesho, bibi harusi yuko hapa analia. Rudi sasa hivi!"

Nilimwambia muuguzi narudi, nikatoka mbio. Kijiti kikawa si kitu tena. Nilikuwa naiona meza yangu inakwenda hivi hivi.

Kufika dukani, bibi harusi amesimama mbele ya kioo, mgongo wazi, zipu imegoma katikati. Machozi yanamtoka. Mama yake amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, ameuma midomo. Siku ya kujaribu nguo walikuwa safarini, kwa hiyo ndio mara ya kwanza anaivaa.

Nikatazama daftari. Namba ni zile. Nikapima gauni. Namba ni zile. Nikatazama mwili. Mwili hautaki.

Ndipo Redio akamsogelea bibi harusi. Akadhani ananong'ona, lakini Redio hajui kunong'ona.

"Dada, samahani. Kwani na wewe umeweka kijiti?"

Bibi harusi akaacha kulia papo hapo. Mama yake akageuza shingo taratibu.

"Kijiti gani?"

"Mama, sina kijiti!"

"Kwa nini uulizwe kijiti wakati ndoa ni kesho?"

"Mama, hata sijui kinawekwa wapi!"

"Mkononi," Mama Pacha akasaidia, kwa nia njema kabisa.

Nilitamani ardhi inimeze. Na hapo hapo, nyuma ya pazia, ikatoka sauti ya mwanaume, ya upole, ya mtu asiyetaka kuongeza matatizo.

"Samahani... na hii suruali nayo haifungi."

Nikafungua pazia, nikapiga magoti, nikashika kiuno nikavuta. Wapi! Bwana harusi alikuwa amebana pumzi mpaka mishipa ya shingo inaonekana.

Mama Pacha akachungulia juu ya bega langu.

"Haa! Na bwana harusi naye ameweka kijiti?"

Nani alianza kucheka, sijui. Nadhani ni mama wa bibi harusi. Alijaribu kujizuia, mkoba ukaanza kutikisika, kisha akapasuka. Bibi harusi akacheka hadi zipu ikashuka yenyewe. Bwana harusi akaachia pumzi yake, kifungo nilichokuwa nimekilazimisha kikaruka kikagonga kioo, tukaanza upya. Kimya, Kimya yule, alikuwa ameinamia sanduku la vifungo mabega yanaruka.

Mama Mkasi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama anaitazama futi yangu ya njano. Akaenda kwenye droo, akatoa ile ya zamani, akazilaza zote mbili mezani, ncha kwa ncha.

"Njooni," akasema.

Ishirini na nane ya futi ya zamani ilikuwa imelala sawasawa na ishirini na tisa ya mpya.

"Miaka kumi na minane," akasema taratibu, "nimeining'inizia mkasi. Imevutika."

Iliwachukua wengine muda. Mimi ilinipiga moja kwa moja. Wote tulikuwa na inchi ile tangu zamani! Tulipima na kukata kwa futi ile ile, nguo zikaenea, hakuna aliyejua. Mpaka maharusi walipopimwa kwa futi ndefu na mimi nikawakatia kwa fupi. Sikuwa nimenenepa. Hakuna aliyenenepa!

Nilirukaruka kama mtoto. Nikamkumbatia bibi harusi nusu uchi, nikamkumbatia mama yake, bwana harusi akarudi nyuma ya pazia kujihami. Nilikuwa nimebakiza dakika chache nichanwe mkono kwa sababu ya mkasi uliotundikwa ukutani!

"Ukimaliza kucheza," Mama Mkasi akasema, "watu wana harusi."

Nikageuza gauni ndani nje. Na hapo moyo ukatulia, maana pembeni, kila upande, nilikuwa nimeacha akiba nene ya mshono, kitambaa cha ziada cha kupanulia nguo. Suruali hivyo hivyo, nyuma. Tukafumua, tukashona, Redio kwenye overloki bila neno hata moja, Kimya akarudisha kifungo. Ilituchukua saa mbili tu. Bibi harusi akavaa, zipu ikapanda mpaka juu, akajigeuza mbele ya kioo, na mama yake akalia kilio kizuri.

Walipoondoka, Mama Mkasi akaniuliza: "Akiba nene namna ile nani amekufundisha? Mimi huacha nusu yake."

"Niliogopa," nikamwambia ukweli.

Akausukuma mkasi wake juu ya meza mpaka ukagusa mkono wangu. "Mkataji anayeogopa ndiye ninayemtaka. Kuanzia wiki ijayo simama hapa."

Nililia na pini mdomoni, kitu ambacho siwashauri.

Tungeishia hapo ingekuwa raha mustarehe. Lakini Mama Pacha akasema: "Leteni lile daftari, tutoe inchi moja kila mtu, roho zetu zitulie."

"Ya nini tena?" Redio akalikumbatia daftari. "Mambo yameshaisha."

Mama Pacha akampokonya, akasoma kwa furaha. "Mimi thelathini na saba, toa moja, thelathini na sita. Kimya, ishirini na sita. Pini, ishirini na nane. Redio..." Akasogeza daftari dirishani. "Redio, thelathini na nne?"

"Si alisema thelathini?" nikauliza.

"Imeandikwa thelathini na nne. Toa moja, thelathini na tatu. Inchi tatu! Kimya, umekosea kuandika?"

Kimya akang'ata uzi. "Sikukosea."

Wote tukamgeukia Redio. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anahesabu vidole. Akahesabu mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Nilidhani ni gesi," akasema.

Mama Pacha alipiga kigelegele kilichosikika mtaa wa pili. Redio akacheka, kisha kicheko kikageuka, akaanza kulia, sasa hatujui tumshike au tumpongeze.

"Niliogopa," akasema. "Dada yangu aliniambia kijiti husafiri mwilini mpaka kwenye moyo. Nikaona aibu kumuuliza muuguzi, nisionekane mshamba. Nikaona bora niwaogopeshe na nyinyi, ili nisiwe peke yangu."

Hapo sikumcheka. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu, kwa sababu mimi niliyesikia maneno ya muuguzi kwa masikio yangu nilikuwa karibu kuyatupa kwa ajili ya inchi.

Alipimwa mimba, ikawa kweli. Mumewe alifurahi kupita kiasi, akazaliwa msichana mwenye mapafu ya mama yake.

Sasa mnisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Mtoto alipofika miezi miwili, Redio alikuja dukani amembeba. Akasimama katikati ya cherehani zetu.

"Jamani. Safari hii nitumie nini?"

Midomo ikafunguka yote kwa pamoja. Mama Pacha: sindano! Mama Mkasi: katika enzi zetu sisi... Hata Kimya alikuwa anafungua pochi. Na mimi nilishanyanyua mkono wangu wa kushoto nimwonyeshe.

Nikaushusha. Nikatoa pini mdomoni.

"Wewe mwenyewe unataka nini? Unaogopa nini? Mtoto mwingine unamtaka lini?"

Akautoa mkono wa mtoto kwenye hereni yake.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema.

Na ni kweli. Tangu aolewe, dada yake alimwambia, mumewe alimwambia, jirani alimwambia, sisi tulimwambia. Kila mtu alikuwa na jibu lake tayari, na muuguzi, ambaye kazi yake ni kumsikiliza, ndiye pekee ambaye Redio hakuwahi kumuuliza.

Dada zangu mnaosoma hapa, sisemi wekeni kijiti, sisemi msiweke. Mkaulize anayejua, mpaka yale maswali ya aibu, kisha mchague kwa akili zenu. Na rafiki yako akikuuliza, muulize yeye kwanza.

Redio aliniachia mtoto, akaenda kliniki peke yake. Alikaa huko asubuhi nzima. Aliporudi tulikuwa tumezima mashine zote, tunamsubiri.

"Enhe?" Mama Pacha akasema. "Umechagua kipi?"

Redio akamchukua mwanawe, akakaa, akatabasamu, akawasha overloki.

Mpaka leo hajatuambia.